Marseille: Mji Ulioanza kwa Harusi



Dada zangu wapenzi, mlioolewa na mnaojiandaa kuolewa, karibuni tena. Leo tunasafiri hadi kusini mwa Ufaransa, kwenye mji wa Marseille. Wengi wetu visiwani tunaujua mji huu kwa mambo mawili. La kwanza ni sabuni, kile kipande kizito cha mraba kilichogongwa muhuri wa jina la mji. La pili ni jamaa. Mwenye damu ya Kingazija hakosi shangazi, binamu au wifi anayeishi Marseille, na kila msimu wa harusi ukikaribia husikia nani anakuja na masanduku mangapi.

Lakini Marseille ina mengi zaidi ya hayo. Ndio mji mkongwe kuliko miji yote mikubwa ya Ufaransa. Umri wake ni miaka 2,600 hivi, na kisa cha kuzaliwa kwake ni kisa cha harusi. Ukiifuata historia yake tangu siku hiyo utaona jambo moja linajirudia. Mji huu uliishi kwa kuufungua mlango wake, na mara nyingi ulipoumia, uliumia kwa sababu waliokabidhiwa amana hawakuitunza. Hilo ni somo la utawala, na ni somo la nyumba pia. Twendeni polepole.

Ghuba, majabali na upepo

Tuanze na mahali penyewe. Marseille umekaa kwenye ghuba ya Bahari ya Mediterania, mashariki ya mdomo wa mto Rhône. Nyuma yake imezungukwa na majabali meupe ya chokaa: Étoile na Garlaban upande wa bara, Marseilleveyre upande wa kusini. Kusini huko bahari inaingia kati ya majabali kwa vihori vyembamba vyenye maji ya samawati, vinavyoitwa Calanques. Tangu 2012 eneo hilo ni hifadhi ya taifa.

Katikati ya mji kuna kihori kimoja kirefu chenye mdomo mwembamba, ambacho Wagiriki walikiita Lacydon. Leo kinaitwa Vieux-Port, yaani Bandari ya Kale. Ukisimama hapo unaona juu ya kilima kanisa la Notre-Dame de la Garde, na mbele yako baharini vipo visiwa vya Frioul, viwili vikubwa vikiwa Pomègues na Ratonneau, na kijisiwa cha If chenye ngome iliyokuwa gereza. Visikumbukeni visiwa hivyo, tutavirudia.

Sisi tuliolelewa na kusi na kaskazi tutaelewa haraka kwamba upepo nao ni raia wa mji. Huko unaitwa mistral. Ni upepo mkavu, mkali na wa baridi, unaoteremka bonde la Rhône kutoka kaskazini na kusafisha mbingu mpaka inang'aa. Kihori cha Lacydon kilipendwa na mabaharia kwa sababu jahazi likishaingia ndani, upepo wa bahari kuu haulifikii.

Mji wenyewe ni mpana. Eneo lake ni kilomita za mraba 240 hivi, zaidi ya mara mbili ya Paris, na wakazi wake ni zaidi ya 850,000. Ndani ya mipaka yake mna vijiji vya zamani vilivyomezwa, vilima, mashamba yaliyogeuka majengo marefu, na fukwe. Ndiyo maana mtu wa Marseille ukimuuliza anatoka wapi, mara nyingi atakutajia mtaa wake kwanza.

Kikombe cha maji

Sasa harusi. Karibu mwaka 600 KK, mabaharia Wagiriki kutoka Phocaea, mji uliokuwa kwenye pwani ya Uturuki ya leo, walifika kwenye kihori hiki. Wenyeji walikuwa kabila la Segobrigii, na mfalme wao aliitwa Nannus. Kisa kilivyosimuliwa na mwanahistoria wa Kirumi Justin, wageni walifika siku ambayo mfalme anamwoza binti yake, Gyptis. Mila yao ilikuwa kwamba binti anaingia karamuni na chombo cha maji, na anayempa maji hayo ndiye mume aliyemchagua. Gyptis aliwapita vijana wote wa nyumbani, akampa maji mgeni Protis. Mfalme akampokea mgeni kuwa mkwe, akampa na ardhi ya kujenga mji. Mji huo ukaitwa Massalia.

Aristotle naye alikisimulia kisa hicho kwa majina tofauti, kwa hiyo tukichukue kama hadithi ya asili ya mji. Lakini tazameni watu wa Marseille walichochagua kukumbuka kuhusu mwanzo wao. Wangeweza kujisifia vita. Badala yake wamehifadhi kumbukumbu ya msichana aliyeulizwa, akajibu. Sisi tunaofundishwa kwamba bibi harusi aulizwe kabla ya kuozwa hatuhitaji mtu atueleze uzito wa jambo hilo.

Kisa hakikuishia kwenye karamu. Nannus alipofariki, mwanawe Comanus aliwaonea wivu wageni. Akapanga kuuvamia mji siku ya sikukuu, akaingiza askari wamefichwa ndani ya magari yaliyofunikwa majani. Mwanamke mmoja, jamaa ya mfalme huyo, alikuwa amempenda kijana wa Kigiriki, naye akamfichulia siri. Mji ukaokoka. Justin anasema tangu hapo watu wa Massalia walifunga milango yao siku za sikukuu na kuweka walinzi, hata wakati wa amani. Basi mwanamke wa kwanza aliufungua mlango, na wa pili akafundisha kwamba mlango unahitaji mlinzi.

Wazee 600 na kipimo cha dhahabu

Massalia ilitawaliwaje? Mwanajiografia Mgiriki Strabo, aliyeandika karibu na mwanzo wa tarehe za Miladi, ametuachia maelezo mazuri. Mji ulikuwa na baraza la watu 600 walioshika cheo maisha yao yote. Kati yao 15 waliendesha mambo ya kila siku, na kati ya hao 15, watatu ndio waliokuwa na madaraka makubwa. Lakini sikilizeni sharti la kuingia: hakuna aliyekubaliwa kuwa mjumbe kama hana watoto, na lazima ukoo wake uwe wa raia kwa vizazi vitatu. Hoja yake inaeleweka. Asiye na cha kupoteza kesho asipewe kuamua mambo ya leo.

Strabo anataja pia sheria ya ndoa itakayowagusa mabibi harusi. Mali ambayo mwanamke wa Massalia aliingia nayo kwenye ndoa ilikuwa na kikomo: vipande 100 vya dhahabu, nyongeza ya vitano kwa mavazi na vitano kwa mapambo ya dhahabu. Zaidi ya hapo ilikatazwa. Strabo aliitaja kama dalili ya maisha ya kiasi ya watu wale. Mji wa wafanyabiashara, unaopokea dhahabu kutoka kila pembe ya bahari, ulikaa ukapanga kwamba harusi isiwe mashindano ya kufilisiana. Kumbukeni kipimo hicho, maana mwishoni tutakutana na dhahabu tena.

Uhuru wa Massalia ulivunjika mwaka 49 KK. Julius Caesar na Pompey walikuwa wanapigana, na mji ukamfungia Caesar milango. Akauzingira kwa miezi mpaka ukasalimu amri. Aliuacha na jina lake na sheria zake za ndani, lakini akachukua silaha, meli, hazina na sehemu kubwa ya ardhi yake.

Mfalme aliyeingia kwa kubomoa ukuta

Turuke karne nyingi. Marseille iliingia katika ufalme wa Ufaransa pamoja na jimbo la Provence mwaka 1481. Hata hivyo mji ulizoea kujiamulia, chini ya makonsuli waliotoka koo za kitukufu, na haukupenda kuamrishwa kutoka mbali. Mwaka 1660 mfalme Louis XIV alichoka. Aliwasili na jeshi, akaingilia kwenye tundu lililobomolewa ukutani, kama mshindi anavyoingia mji alioushinda. Akajenga ngome ya Saint-Nicolas mdomoni mwa bandari, na watu wa mji walielewa kwamba mizinga yake inaweza kuelekea kwao pia. Utawala wa mji akawanyang'anya watukufu, akaukabidhi kwa madiwani waliotoka kwa wafanyabiashara.

Mwaka 1669 waziri wake Colbert aliitangaza Marseille kuwa bandari huru. Wageni wafanyabiashara walivutwa waje wakae, na bidhaa za nchi za Mashariki zilizoingia Ufaransa bila kupitia Marseille zikatozwa ushuru wa asilimia 20. Mji ukajaa hariri, pamba, kahawa na viungo.

Na nguo! Tangu 1648 Marseille ilikuwa ikichapisha pamba zenye maua kwa kuiga vitambaa vya India, na Waarmenia waliojua ufundi huo walisaidia kuukuza. Wanawake wa Provence wakazipenda vibaya sana. Ilifika mahali mfalme akapiga marufuku kuzichapisha na kuzivaa, mwaka 1686, ili kulinda wafumaji wa hariri na sufu. Marufuku ilikaa mpaka 1759, na wanawake waliendelea kuvaa hivyo hivyo. Hapo nadhani kila mwenye kabati la khanga amecheka.

Kazi nyingine ya mikono ya wanawake wa Marseille ilikuwa mifarishi. Walishona tabaka mbili za kitambaa cheupe kwa sindano, wakajaza pamba ndani ya michoro mpaka maua na matunda yakavimba juu ya nguo. Mfarishi wa namna hiyo, au sketi ya ndani iliyoshonwa hivyo, ulikuwa sehemu ya sanduku la bibi harusi, na Marseille iliuza kazi hizo nchi za mbali. Wengi wa walioshona majina yao hayajulikani.

Waislamu kwenye makasia

Tusipite bila kuwataja ndugu zetu waliofika Marseille bila hiari. Chini ya Louis XIV, mji huu ulikuwa makao ya galei, meli za kivita zinazosukumwa kwa makasia. Wapiga makasia walikuwa wafungwa wa Kifaransa, wakiwemo Waprotestanti walioadhibiwa kwa dini yao, pamoja na Waislamu walionunuliwa au kutekwa baharini. Wote hao Waislamu waliitwa "Waturuki", hata yule aliyetoka Morocco au Algiers. Meli zikitia nanga, baadhi yao walifanya biashara ndogo na kazi za mikono kwenye vibanda vya bandarini, huku wamefungwa pingu. Walikuwa na mahali pao pa kuzikia maiti zao.

Tuseme haki: upande wa pili wa bahari, watu wa Provence nao walitekwa na kuuzwa Algiers na Tunis, na mama zao walilia vilevile. Chuki ilipopanda haikubagua hata mjumbe. Mwaka 1620 wajumbe wa Algiers waliokuwa wageni Marseille waliuawa na umati, pamoja na Waislamu wenzao. Mji uliozaliwa kwa kumkaribisha mgeni siku hiyo ulimuua mgeni.

Marobota kutoka Mashariki

Sasa tufike 1720, mwaka mchungu kuliko yote.

Marseille ilikuwa na utaratibu wa afya uliosifiwa kote Mediterania. Meli ikitoka nchi za Mashariki, nahodha alionyesha hati ya afya ya kila bandari aliyotia nanga. Yenye shaka ilikaa karantini kwenye visiwa, mbali na watu, na mizigo ikaanikwa kwa siku nyingi. Sisi tulifundishwa karne nyingi kabla kwamba mji wenye tauni usiuingie, na ukiwa ndani yake usitoke. Marseille iliijua hekima hiyo na ilikuwa na ofisi maalumu ya kuitekeleza.

Tarehe 25 Mei 1720 iliwasili meli ya Grand-Saint-Antoine kutoka Syria na Cyprus. Njiani watu kadhaa walikuwa wamekufa humo. Ilibeba marobota ya vitambaa na pamba, mali ya thamani kubwa, iliyotarajiwa kuuzwa kwenye maonesho ya Beaucaire mwezi Julai. Kanuni ilitaka meli ya namna hiyo ipelekwe kisiwa cha mbali zaidi, Jarre. Badala yake ilikaa Pomègues, na vitambaa vya thamani vikaruhusiwa kuteremshwa kwenye majengo ya karantini pembezoni mwa mji. Mmoja wa wenye mali ndani ya meli hiyo alikuwa Jean-Baptiste Estelle, diwani wa kwanza wa mji.

Hapo ndipo palipo jeraha. Mlinzi wa mlango na mwenye mzigo unaosubiri mlangoni walikuwa mtu mmoja.

Viroboto walikuwa ndani ya nguo. Vitambaa vingine vilitoroshwa kwa siri. Mwezi Juni mwanamke mmoja alikufa kwenye kichochoro cha mji wa kale, kisha jirani zake, kisha mtaa mzima. Wakuu walisita kutamka neno tauni, wakihofia biashara. Mwisho wa Julai Bunge la Aix likakataza watu wa Marseille kutoka. Mwezi Agosti walikuwa wanakufa watu wapatao 1,000 kwa siku. Maiti zililala barabarani. Wafungwa wa galei walitolewa wazizoe, kwa ahadi ya uhuru, na wengi wao wakafa. Mwezi Septemba mtu aliyeitwa Nicolas Roze aliongoza askari na wafungwa kuzika maiti zaidi ya 1,000 zilizokuwa zimeoza kwenye uwanja wa Tourette. Tauni ilipoisha ilikuwa imeua karibu nusu ya mji uliokuwa na watu wapatao 90,000.

Na hukumu? Nahodha Chataud alifungwa kwenye ngome ya If mpaka 1723. Diwani Estelle alipewa utukufu na mfalme. Kwa uadilifu niseme kwamba Estelle na madiwani wenzake hawakukimbia. Walibaki mjini na kufanya kazi katikati ya maiti wakati matajiri wengi walishatoka. Lakini kubaki na kuzima moto hakufuti kwamba mlango uliachwa wazi.

Maji, sabuni na ufuta wetu

Mapinduzi ya Ufaransa yalipokuja, vijana wa Marseille walitembea mpaka Paris mwaka 1792 wakiimba wimbo uliotungwa Strasbourg. Watu wa Paris wakauita Marseillaise, na ndio wimbo wa taifa mpaka leo. Miaka miwili haikupita, mji huo huo ukaasi serikali ya mapinduzi, na kwa adhabu ukanyang'anywa jina. Mapema 1794, kwa muda mfupi, nyaraka za serikali ziliuita "Mji Usio na Jina".

Shida kubwa ya karne iliyofuata ilikuwa maji, na hapa kina mama ndio waliobeba mzigo. Mji una bahari mbele na mto mdogo tu, Huveaune, nyuma. Ukame na kipindupindu cha miaka ya 1830 viliwalazimisha wakuu wachukue uamuzi mkubwa. Baraza la mji, chini ya meya Maximin Consolat, liliamua kuvuta maji ya mto Durance kwa mfereji wa makumi ya kilomita, likamkabidhi kazi mhandisi Franz Mayor de Montricher. Maji yalifika mjini 1849. Mwaka 1869 lilizinduliwa jumba la Longchamp kusherehekea maji hayo. Huo ni utawala uliotunza amana, na unastahili kusifiwa kama ule mwingine unavyostahili kulaumiwa.

Mwaka huo huo wa 1869 mfereji wa Suez ulifunguliwa, na Marseille ikawa karibu na sisi. Lakini biashara ilikuwa imeshaanza. Sabuni ya Marseille, kwa amri ya mfalme ya 1688, ilitakiwa ipikwe kwa mafuta ya zeituni tu. Karne ya 19 viwanda vikawa vingi, na zeituni hazikutosha. Wakaanza kutumia mafuta ya mbegu: karanga za Senegal, mbata, na ufuta. Wafanyabiashara wa Marseille walifika Zanzibar kununua ufuta na mbata wa pwani yetu. Sayyid Said alikuwa ametia saini mkataba wa biashara na Ufaransa mwaka 1844. Kwa hiyo sabuni ile unayoletewa kama zawadi kutoka Ulaya, bibi wa bibi zetu huenda walipalilia au kupakua sehemu ya mafuta yake.

Mji chini ya usimamizi

Karne ya 20 iliingia na fahari na aibu. Tarehe 28 Oktoba 1938 duka kubwa kwenye barabara ya Canebière liliwaka moto, watu 73 wakafa. Vifaa vya zimamoto vilikuwa duni, na mpangilio ovyo. Mwaka uliofuata serikali kuu iliunyang'anya mji madaraka yake, ikauweka chini ya msimamizi aliyeteuliwa. Zimamoto ikakabidhiwa wanamaji, na mpaka leo wanaozima moto Marseille ni askari wa jeshi la majini.

Januari 1943, wakati wa vita, jeshi la Ujerumani lililokuwa limeukalia mji, likisaidiwa na polisi wa Ufaransa, liliwatoa watu wapatao 20,000 kwenye mitaa ya kaskazini ya Bandari ya Kale. Mamia ya Mayahudi walipelekwa kwenye kambi za mauaji. Kisha majumba karibu 1,500 yakalipuliwa. Mji uliopokea wakimbizi wa kila namna ulitazama wake wakifukuzwa.

Leo mji umegawanywa kata 16. Kata hizo zimepangwa mbili mbili katika sekta 8, kila sekta na meya wake mdogo na baraza lake, na juu yao yuko meya wa mji. Gaston Defferre alikalia kiti hicho kuanzia 1953 mpaka alipofariki 1986, na Jean-Claude Gaudin kuanzia 1995 mpaka 2020. Tarehe 4 Julai 2020 alichaguliwa Michèle Rubirola, daktari, mwanamke wa kwanza kuwa meya wa Marseille. Desemba mwaka huo alijiuzulu, akamwachia Benoît Payan. Mji ulioanzishwa na uamuzi wa mwanamke ulichukua karne 26 kumkalisha mwanamke kwenye kiti hicho.

Kilichochangia mabadiliko hayo ni msiba. Tarehe 5 Novemba 2018, asubuhi, majengo mawili ya zamani yaliporomoka mtaa wa rue d'Aubagne, katikati ya mji. Moja lilikuwa tupu. La pili lilikuwa na wakazi, ingawa nyufa zake zilishaonekana. Watu 8 walikufa. Mmoja wao alikuwa mama wa Kingazija. Baadaye maelfu ya watu walihamishwa kutoka nyumba mbovu, na ikadhihirika kwamba hali ya nyumba hizo ilijulikana siku nyingi.

Wangazija na dhahabu

Wangazija walifikaje? Wa kwanza wengi walikuwa mabaharia kwenye meli za Kifaransa zilizotoka Marseille, zikapita Suez na Aden, zikashuka mpaka Zanzibar, Komoro na Bukini. Baada ya Vita Kuu ya Pili baadhi walibaki bandarini. Wake na watoto wakafuata, hasa baada ya Komoro kupata uhuru 1975. Leo ni makumi ya maelfu, na Marseille huitwa kwa mzaha mji mkubwa kuliko yote wa Wakomoro. Walianza karibu na bandari, kisha wengi wakahamia majengo marefu ya kata za kaskazini.

Wamebeba dini yao, vyama vyao vya kijiji kwa kijiji, na ada, yaani harusi kubwa ya Ngazija. Kwa mila hiyo nyumba ni ya mwanamke, na mume ndiye anayehamia kwa mkewe. Lakini dhahabu ya bibi harusi, karamu na zawadi za ukoo hugharimu akiba ya miaka mingi. Nyingi ya pesa hiyo hutokana na jasho la Marseille: usafi wa alfajiri maofisini, jikoni za hospitali, kulea wazee. Ndani yake mna heshima ya kweli, maana vyama hivyo hivyo vimejenga skuli na misikiti huko nyumbani. Mna uzito pia. Hapo ndipo ninapokumbuka vile vipande vitano vya dhahabu vya Massalia.

Na mna kilio. Tarehe 30 Juni 2009 ndege iliyokuwa ikiwapeleka watu Moroni ilianguka baharini karibu na Ngazija. Kati ya watu 153 aliokoka msichana mmoja. Wengi wa abiria walikuwa familia za Ufaransa, na nyingi kati yao za Marseille, zikienda likizo na harusini. Wangazija wa Marseille walikuwa wameshalalamika kabla kuhusu hali ya safari zile. Allah awarehemu wote.

Tunachobeba

Dada yangu bibi harusi, usome kisa hiki kama historia ya mji, kisha ukisome kama historia ya nyumba. Gyptis aliulizwa, nawe uulizwe, ujibu kwa moyo wako. Wazee wa Massalia waliweka kipimo cha dhahabu; kaeni na wazee wenu muweke chenu kabla ya deni kuwaweka nyinyi. Diwani wa 1720 alipewa mlango aulinde, naye akawa na mzigo nje ya mlango. Basi chunguza nani unampa funguo, na wewe ukipewa amana usiichanganye na faida yako. Waliovuta maji ya Durance hatuwakumbuki kwa fahari ya jumba lao, tunawakumbuka kwa sababu mama wa mtaani alipata maji.

Karamu huisha usiku mmoja. Waliokwisha ingia ndani ndio wa kutunzwa miaka yote inayobaki.

Kama una jamaa Marseille, mpigie leo umwulize anaishi kata gani na nyumba yao ikoje. Utapata historia ambayo mimi sikuiandika. Mungu awahifadhi walioko ugenini na awabariki wanaoanza maisha mapya.